Chanzo Namba Moja cha Pampu Namba Tatu

Tangazo Namba 417 la Halmashauri ya Shuikeng liliwafahamisha wananchi wote, kwa heshima na taadhima, kwamba Pampu Namba Tatu haikuharibika. Pampu ilikuwa imeingia katika "kipindi cha mapumziko yasiyopangwa", na maji yaliyowafika watu magotini katika soko la samaki hayakuwa mafuriko bali "maji yaliyochelewa kuondoka". Wananchi waliombwa watulie, wavae viatu vinavyofaa, na wajiepushe na kuweka picha mtandaoni.

Aliyeliandika tangazo hilo ni Chan Jen-chieh, karani mwandamizi, na alilipenda sana. Maneno "maji yaliyochelewa kuondoka" yalimgharimu asubuhi nzima. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, shati limenyooshwa, kalamu nne mfukoni, na shahada ya uzamili aliyoisomea kila Jumamosi kwa miaka mitatu, kama nusu ya watumishi wa Taiwan walivyofanya. Tofauti yake na wenzake ni kwamba yeye alisoma kweli.

Pampu ilikuwa imepumzika mara sita tangu tarehe nne Mei. Shuikeng ni mji ulio chini kuliko bahari, na kila mwaka unazama kidogo zaidi bila kumsumbua mtu, ilimradi pampu zinanguruma. Zikinyamaza, bahari hurudi kuangalia kama kuna kitu chake ilichokisahau. Wauza chaza walikuwa wameshaanza kuyafunga mabeseni yao kwa kamba yasielee, na bibi mmoja alidai amemvua samaki chini ya meza yake mwenyewe, akamuuza kama mbichi kuliko wote sokoni.

Meya Lu Ching-shun alimwita Jen-chieh ofisini. Meya alivaa kizibao chake cha kila siku, chenye jina lake mgongoni kwa herufi kubwa, ili hata anayemwona akiondoka ajue nani kaondoka.

"Chan, nataka jina," alisema Meya.

"Jina la tatizo, Mheshimiwa?"

"La mtu. Tatizo bila mtu ni uvumi."

Jen-chieh alilijua jina ambalo Meya alilitaka. Halmashauri nzima ililijua. Kituo cha pampu kilitunzwa na mtu mmoja tu, Shangazi Tsai Yueh-hsia, mama wa miaka sitini na minne ambaye kwa miaka ishirini na miwili alizifuta, alizipaka mafuta na kuzisalimia pampu tatu kila asubuhi. Ilibaki miezi mitano astaafu na kiinua mgongo chake. Akifukuzwa kwa uzembe kabla ya hapo, angeondoka na ufagio, tena ufagio wenyewe ni wa halmashauri.

"Mheshimiwa," alisema Jen-chieh, "tukimtaja mtu bila mbinu, watu watasema tumebahatisha. Ipo njia ya kisayansi. Dunia hii mambo hayasababishwi na jambo moja. Mvua inaathiri taka, taka zinaathiri pampu, pampu inaathiri soko, soko linatupa taka. Kila kitu kinamsukuma mwenzake. Tunaviorodhesha, tunawauliza wajumbe kila kimoja kinakiathiri kingine kwa kiasi gani, sifuri mpaka nne, kompyuta inazungusha, halafu inatuambia kipi ni chanzo na kipi ni matokeo tu."

Meya alisikia neno moja katika hayo yote. "Kisayansi," alisema. "Nzuri. Na sayansi ikishasema, hakuna kulia." Akaandika azimio pale pale, akaligonga muhuri mwekundu: *Chanzo kikuu kitakachobainika kitaondolewa mara moja na kuwekwa umbali usiopungua mita mia moja kutoka kituo cha pampu, bila rufaa, bila kujali umri, cheo wala miaka ya utumishi.* Kisha akaagiza kituo kizungushiwe utepe wa manjano, na kitu chochote kisiongezwe wala kisipunguzwe mpaka kamati imalize kazi.

Jen-chieh alitoka bila raha yoyote. Lakini aliamini namba. Shangazi Tsai akiwa hana hatia, namba zitamwokoa. Na akiwa nayo, basi angalau itakuwa imeandikwa kwa usahihi mpaka nukta ya tatu.

Kamati iliitwa Kamati ya Uchambuzi wa Vyanzo Vinavyotegemeana vya Mapumziko ya Pampu. Ilikuwa na wajumbe saba, na ilikutana katika ukumbi wa ghorofa ya pili, chini ya picha kubwa ya Meya iliyopigwa tarehe tatu Mei alipokwenda kukagua kituo. Katika picha Meya ameweka mkono wa kulia juu ya Pampu Namba Tatu. Mkono wa kushoto umefumbata kitu cha kijani, pengine kijitabu cha maelekezo. Mashavu yamemjaa kwa kile ambacho maelezo ya picha yalikiita "fahari ya maendeleo".

Kabla vibweta vya chakula cha mchana havijafika, kamati ilikuwa imekubaliana mambo sita: mvua, taka za mfereji, umeme, umri wa pampu, tabia za wauza samaki, na mtunza pampu. Baada ya vibweta, kwa kuwa mapaja ya kuku yalikuwa makubwa, hakuna aliyetaka kuongeza la saba.

La saba aliliongeza Shangazi Tsai mwenyewe, Jen-chieh alipomfuata kituoni kumhoji. Alimkuta amekaa nje ya utepe juu ya ndoo iliyofudikizwa, ndala zake za bluu na nyeupe miguuni, anaiangalia pampu yake kwa mbali.

"Shangazi, nitakuuliza maswali mafupi. Je, mvua inamwathiri mtunza pampu kwa kiasi gani?"

"Inaniloanisha."

"Kuloanisha ni moja, mbili, tatu au nne?"

"Nikiwa na koti, moja. Nikiwa nimelisahau koti, wewe jaza unayotaka."

"Na mtunza pampu anaiathiri mvua kwa kiasi gani?"

Shangazi Tsai alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, ningekuwa naiathiri mvua, ungenikuta hapa juu ya ndoo? Ningekuwa nimekaa hekaluni nafukiziwa ubani."

Jen-chieh akajaza sifuri. Ilikuwa sifuri safi.

"Mimi nakuambia ugonjwa wa hii pampu," Shangazi alisema, "na wala hauhitaji kompyuta. Pakiti yake haipo."

"Pakiti gani?"

"Usijitie mgeni. Pakiti ya kijani."

Jen-chieh alikohoa. Aliijua. Ilikuwa pakiti ya vitafunwa vya mahindi vya watoto, ambayo jina lake maana yake ni kama kusema *tulia, mtoto mzuri*. Kisiwa kizima kinaiweka juu ya mitambo ili isilete kisirani: hospitali, benki, minara ya simu. Lazima iwe ya kijani, kwa sababu ya manjano hununisha mashine. Lazima tarehe yake isiwe imepita. Na juu ya yote isiliwe, maana mashine ikishaona mtu kala posho yake, haina tena sababu ya kujiheshimu.

"Niliiweka mpya mwezi Aprili," alisema Shangazi. "Tarehe tatu Mei Meya akaja na watu wake wa picha. Mimi nikaambiwa nikae nyuma ya uzio, ndala zangu zinaharibu mandhari. Walipoondoka, pakiti hakuna. Kesho yake pampu ikagoma. Nikataka kuweka nyingine, mkanifungia utepe. Hamkusema kisiongezwe kitu?"

"Tulisema."

"Basi. Mimi na miezi mitano yangu sivuki utepe wa serikali."

Jen-chieh aliipeleka hoja hiyo kwenye kamati akiwa amejiandaa kuchekwa. Bwana Ko, mkuu wa ujenzi, alicheka kweli, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Kila mjumbe alikuwa ameikumbuka pakiti iliyokaa juu ya kompyuta yake mwenyewe. Mtambo wa kumbukumbu za halmashauri ulikuwa nazo tatu, na moja ilikuwa imeambatishwa barua ya kuubembeleza.

"Liingie," alisema Bwana Ko taratibu, "ila tulipe jina la heshima." Likaingia kama Utulivu wa Mitambo kwa Njia za Jadi. Mambo yakawa saba, na maswali arobaini na mawili.

Siku ya kujaza fomu, Meya alipita ukumbini kuonja chai. Akachukua fomu moja, akaisoma kuanzia juu mpaka chini, kisha kuanzia chini mpaka juu. Uso wake ukabadilika.

"Hapa pameandikwa *ushawishi*," alisema. "Mvua ina ushawishi. Taka zina ushawishi. Wauza samaki, ushawishi." Akaiweka fomu mezani polepole. "Mimi niko wapi?"

Bwana Ko aligundua kitu cha kuvutia sana ndani ya kikombe chake.

"Mheshimiwa," alianza Jen-chieh, "haya ni mambo yanayosababisha pampu kusi—"

"Miaka sita naongoza mji huu, na taka za mfereji zina ushawishi kunizidi mimi?"

"Hapana, Mheshimiwa! Ila katika njia hii, ushawishi maana yake ni—"

"Niweke."

Akawekwa. Jambo la nane: Uongozi Wenye Maono. Maswali yakawa hamsini na sita. Na kwa kuwa Meya hakutaka kuiacha sayansi ijiendee yenyewe, alivuta kiti akaongoza ujazaji.

"Uongozi unaathiri umeme?"

"Nne, Mheshimiwa," walisema wajumbe.

"Unaathiri taka?"

"Nne."

"Mtunza pampu?"

"Nne! Bila wewe angekuwa nani?"

"Mvua?"

Hapo wajumbe walisita kidogo. Mvua ilikuwa inapiga dirisha wakati huo huo, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama Meya angependa kuhusishwa nayo.

"Tangu nichaguliwe," Meya aliwakumbusha, "mvua inanyesha kwa wingi."

"Nne," walisema wote.

"Na hicho cha njia za jadi?"

"Nne, Mheshimiwa."

"Vizuri. Sasa upande wa pili. Ni nini kinachomwathiri kiongozi? Andikeni sifuri. Mimi siyumbishwi na mvua, wala umeme, wala mtu. Sifuri mstari mzima."

Wajumbe saba walijaza sifuri saba kila mmoja. Kisha, kwa tahadhari ya kawaida ya kazini, wakaangaliziana maswali yaliyobaki ili asiwepo aliyetofautiana na mwenzake. Katika mambo yote aliyosomeshwa Jumamosi zile, Jen-chieh hakuwahi kuona wataalamu waliokubaliana kwa asilimia mia moja. Akaandika hilo kwenye ripoti kama mafanikio.

Kompyuta ilizungusha namba kwa sekunde nne. Jen-chieh alisoma matokeo, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Mtunza pampu alikuwa upande wa matokeo. Taka zilikuwa matokeo. Umeme, umri, soko, pakiti, hata mvua, vyote vilikuwa vimesukumwa kutoka mahali fulani. Na mahali penyewe palikuwa pa jambo moja tu, juu kabisa ya mchoro, peke yake kama kuku juu ya paa: Uongozi Wenye Maono. Uliathiri kila kitu na haukuathiriwa na chochote. Katika lugha ya njia ile hakukuwa na chanzo kisafi kuliko hicho.

Aliona raha kwanza, kwa ajili ya Shangazi Tsai. Hofu ilifuata nyuma yake, ikakaa. Akaenda kugonga mlango wa Meya.

"Mheshimiwa, matokeo yametoka. Uongozi umekuwa wa kwanza."

Meya aliinuka kitini. "Kwa kiasi gani?"

"Kwa mbali sana. Ndicho chanzo kikuu, ila ningependa kufafanua kwamba ni chanzo cha—"

"Cha yote, najua."

"Cha kusimama kwa—"

"Kusimama! Mji huu umesimama kwa sababu yangu. Chan, kwa nini una sura ya msiba siku ya furaha? Iandike vizuri, tutaitangaza Ijumaa mbele ya watu."

"Na azimio, Mheshimiwa? Lile la mita mia moja?"

"Litasomwa neno kwa neno. Mwambie yule mama aje na vitu vyake kabisa."

Jen-chieh alijaribu mara ya tatu kwa maandishi, akaiweka barua mezani. Meya aliitia sahihi bila kuisoma, kama alivyozitia zote.

Shuikeng ina desturi: mtoto wa mtu akifaulu mtihani, jina lake hutundikwa mtaani kwenye kitambaa chekundu. Ijumaa asubuhi kitambaa cha namna hiyo, urefu wa mita kumi na mbili, kilikuwa kimefungwa juu ya lango la halmashauri. Meya aliyaagiza maneno mwenyewe kwa simu:

HONGERA MHESHIMIWA LU CHING-SHUN! CHANZO NAMBA MOJA, PAMPU NAMBA TATU!

Wauza samaki walipita chini yake na mabuti yao ya mpira. Walisoma, wakasimama, wakasoma tena. "Angalau kakiri," alisema muuza chaza mmoja, na habari ikafika sokoni kabla yeye hajafika. Saa nne ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazini, na watu walimpigia Meya makofi marefu alipoingia. Hakuwahi kupigiwa makofi ya namna ile. Machozi yalimlengalenga.

Shangazi Tsai aliketi mstari wa mbele na mfuko wa plastiki mapajani. Ndani yake mlikuwa na kikombe chake, koti la mvua na kitambaa cha kufutia pampu. Jen-chieh alimwona akikikunja na kukikunjua kile kitambaa, na akahisi aibu kwa kila nukta ya desimali aliyowahi kuiamini.

Akasoma azimio kwanza, neno kwa neno. Kisha akasoma matokeo.

"Kwa hiyo kamati, kwa kauli moja, imebaini kwamba Shangazi Tsai Yueh-hsia ni matokeo."

"Nimekuwa matokeo tangu nizaliwe," alisema Shangazi Tsai. "Endelea, mwanangu."

"Na kwamba chanzo kikuu cha Pampu Namba Tatu kusimama mara saba, pamoja na ile ya jana, ni Mheshimiwa Meya Lu Ching-shun."

Meya alikuwa ameshainuka kupunga mkono. Mkono ulibaki juu huku kichwa kikikokotoa. Ukashuka polepole.

"Kusimama?" alisema. "Kusimama *huko*?"

"Huko, Mheshimiwa. Unaathiri vitu vyote kwa nne. Ulisisitiza."

"Futa! Andika moja. Hapana, andika sifuri!"

"Kwa umeme?"

"Kwa kila kitu!" Meya alipiga meza. "Nimeathiri nini mimi katika mji huu? Nitajieni kitu kimoja! Miaka sita nimekaa humu, sijagusa kitu, sijabadilisha kitu! Muulizeni yeyote! Sina ushawishi wowote! Hata kidogo!"

Jen-chieh alishika kalamu yake. Aliandika: *Mheshimiwa Meya ameieleza hadhara kwamba katika miaka sita hajafanya chochote. Hadhara haikupinga.*

"Wala pale kituoni sikugusa kitu!" aliongeza Meya, akitafuta mahali pa kushika.

Shangazi Tsai alivaa miwani yake. Hakuwahi kupandishwa ghorofa ya pili hata siku moja, na sasa alikuwa anaitazama ile picha kubwa ukutani kwa makini ya mtu aliyefuta mitambo miaka ishirini na miwili.

"Mwanangu Chan," alisema, "macho yangu ni ya kizee. Hebu nisomee ule mkono wa kushoto."

Jen-chieh alisogea. Watu wote walisogea. Kile cha kijani hakikuwa kijitabu. Kilikuwa kimechanwa juu, kilikuwa na picha ya katuni, na kwenye kizibao, juu kidogo ya mfuko, palikuwa na vumbi la mahindi. Ile fahari ya maendeleo iliyojaza mashavu, ukiikaribia, ilikuwa inatafunwa.

"Kaila," alisema Shangazi Tsai kwa upole. "Kaila mbele yake."

"Nilikuwa na njaa!" alisema Meya. "Ilikuwa imekaa tu pale juu!"

Mtu wa nyuma alishusha pumzi kwa sauti. Bwana Ko, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kupingana na Meya hata juu ya saa ya mkutano, aliinamisha kichwa na kusema, "Mheshimiwa, hilo hata mtoto hafanyi."

Azimio halikuwa na rufaa; Meya mwenyewe ndiye aliyeikataza. Saa sita mchana fundi wa ujenzi alipima mita mia moja kutoka Pampu Namba Tatu kwa kamba, akachora mstari mweupe barabarani, na kwa bahati mbaya nyumba ya Meya ikawa ndani kwa mita kumi na moja. Alihamia kwa shemeji yake. Utepe wa manjano uliondolewa. Shangazi Tsai aliweka pakiti mpya, ya kijani, baada ya kuisoma tarehe mara mbili, akaipigapiga pampu mgongoni na kuiambia yameisha.

Mvua za msimu wa plamu, zile kubwa za Mei na Juni, zilinyesha wiki tatu mfululizo na pampu haikupumzika hata dakika. Wilaya iliandika barua kuuliza ni mbinu gani iliyotumika. Jen-chieh alijibu kwa kurasa kumi na nne, pamoja na michoro.

Kitambaa chekundu bado kipo langoni, kwa kuwa wa kuidhinisha kishushwe ni Meya, na Meya keshasema hana ushawishi.

Mwezi wa kumi Shangazi Tsai alistaafu na kiinua mgongo chake chote. Siku yake ya mwisho alipanda ghorofa ya pili kwa mara ya pili maishani, na ndala zake, akaingia ofisini kwa Meya wakati mwenyewe ametoka. Aliporudi, Meya alikuta pakiti ya kijani imewekwa katikati ya kiti chake, tarehe yake nzuri kabisa, na karatasi juu yake kwa mwandiko wa kizee:

*Hii ni yako, utulie. Usiile.*